TULIVYOTUNGA KITABU CHA HERUFI: SAFARI YA A HADI Z

(Maelezo ya Kamati ya Kitabu, yaliyosomwa mbele ya mgeni rasmi siku kikundi chetu kilipotimiza miaka kumi, Pangani)

 

Waliotutangulia wameeleza habari za hisa, mikopo na marejesho. Sisi Kamati ya Kitabu tumeombwa tueleze jambo moja ambalo watu hutuuliza sana gulioni na kwenye pantoni: "Nyie si akina mama wa kuweka na kukopa? Kitabu cha watoto mmekitolea wapi?" Swali ni la haki. Leo tutalijibu tangu mwanzo, pamoja na makosa yetu, maana sherehe ya miaka kumi isiyotaja makosa ni sherehe ya nusu.

CHANZO

Kikundi chetu kilianza mwaka 2014. Mwaka 2016, tukiwa bado wachanga, lilitokea jambo ambalo hatukuliandika kwenye muhtasari wowote. Leo tunalisema kwa ridhaa ya mwenyewe, ila jina lake tumeliacha.

Mwenzetu huyo alikopa shilingi 120,000 za kukuza biashara yake ya samaki wa kukaanga. Akarejesha wiki kwa wiki bila kukosa. Siku ya kufunga hesabu daftari likasema bado anadaiwa marejesho mawili. Yeye akasema amelipa. Sisi tukamfungulia ukurasa, tukamwonyesha dole gumba lake mwenyewe. Mama wa watu akanyamaza. Akaenda akauza kuku, akalipa.

Baada ya miezi mitatu, tukiwa tunatafuta kitu kingine kabisa, tukakuta marejesho yake mawili yameandikwa kwenye ukurasa wa mwanachama mwingine. Hakuna aliyeiba. Lilikuwa kosa la kalamu. Fedha alirudishiwa na kikao kizima kilimwomba radhi. Lakini alisema neno ambalo baadhi yetu hatujalisahau mpaka leo: "Mimi sikuwa na la kubishana na karatasi. Dole langu lilikubali nisichokijua."

Ndugu mgeni rasmi, wakati huo kati ya wanachama 28, tisa walikuwa wanaweka dole. Tukasema, basi, tufungue darasa la jioni. Historia tunayo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wengi wetu tumesikia mama zetu wakisimulia jinsi walivyosoma chini ya miti, mtoto mgongoni na ubao mbele. Wiki ya kwanza wakaja tisa. Wiki ya tatu wakaja wanne. Wiki ya sita mwalimu alikaa peke yake na taa yake ya chemli.

Tulipowauliza kulikoni, hawakusema kazi nyingi wala ugonjwa. Walisema aibu. Mtu mwenye wajukuu kupita barabarani na kitabu cha a-e-i-o-u kwapani, vijana wa bodaboda wanamtazama! Mmoja wao akaongeza, kwa utani tu: "Kingekuwa kitabu cha mjukuu wangu ningekishika. Nani angejua nani anamsomea nani?"

Tukacheka, tukaenda zetu. Lakini neno lile likabaki.

KURA

Wazo la kutengeneza kitabu lilifika kwenye kikao mwaka 2021. Halikupokelewa kwa vigelegele. Mfuko wetu wa jamii ni shilingi 500 kwa kila mwanachama kila wiki, na kila mtu hapa anajua kazi yake: msiba, ugonjwa, na mwenzetu aliyejifungua. Wapo waliosema, na walikuwa na haki ya kusema, "Mtoto akiumwa usiku utampeleka hospitali na picha ya embe?"

Mjadala ulikwenda vikao vitatu. Katika kikao cha tatu mwenzetu yule wa samaki akaomba nafasi. Hakuzungumza sana. Alisema msiba ni msiba, na yeye mwenyewe amezikiwa na kikundi hiki hiki, anashukuru. Lakini kutokujua kusoma nako kunazika mtu, tena akiwa anatembea. Tulipiga kura: 16 walikubali, 12 walikataa. Tukaweka sharti moja, kwamba fedha zitakazotoka mfuko wa jamii zirudi mfuko wa jamii. Mtasikia huko mbele kama zilirudi.

KITABU CHA KWANZA KILICHOSHINDWA

Jamani, tulidhani ni kazi ya wiki mbili. Herufi zipo, picha zipo, kuna nini tena? Tukaandika A kwa Ananasi, B kwa Baiskeli, D kwa Debe, mpaka mwisho. Kijana mmoja wa hapa mjini, mchora mabango ya maduka, akachora kwa penseli. Tukatoa nakala chache za fotokopi, tukawapa watoto wanaokuja na mama zao siku ya kikao.

Waliifungua, wakapekua mpaka mwisho haraka kama mtu anayehesabu noti, wakaiweka chini, wakakimbilia mpira. Mtoto mmoja wa kiume alibaki kwenye ukurasa wa baiskeli. Akamuuliza mama yake, "Baiskeli inakwenda wapi?" Mama akasema, haiendi popote, ni B tu. Mtoto akasema, "Halafu?"

Neno hilo moja lilitufundisha kazi nzima. Kitabu chetu hakikuwa na halafu. Ananasi halikujua habari ya baiskeli, na baiskeli haikujua habari ya debe. Mtoto hakuwa na sababu ya kufungua ukurasa unaofuata, isipokuwa kuogopa fimbo, na sisi fimbo hatukutaka.

Mfadhili wetu mmoja, mwalimu mstaafu, ndiye aliyetusimulia kwamba kitabu cha picha cha alfabeti ya Kiswahili kiliwahi kutolewa Marekani mwaka 1974, kimeandikwa na Muriel Feelings na kuchorwa na Tom Feelings, kinaitwa Jambo Means Hello. Kina maneno 24, moja kwa kila herufi, bila Q wala X, na mwaka 1975 kilipata heshima ya tuzo ya Caldecott. Tulifurahi kusikia Kiswahili chetu kimefika huko. Lakini kile kilitungwa kwa ajili ya mtoto wa mbali, aelezwe kwa Kiingereza jambo ni nini. Mtoto wa Pangani jambo analijua tangu tumboni. Yeye anataka kujua kilichotokea baadaye.

Basi tukaamua: herufi zote 24 zitakuwa safari moja. Itaanza alfajiri na kwisha jioni. Na safari ya hapa kwetu iende wapi kama si baharini, kwenye Kisiwa cha Maziwe?

SAFARI YENYEWE

Wageni wetu wa mbali wafahamu kwamba Maziwe zamani ilikuwa na miti. Wazee wetu waliiona kwa macho yao. Kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na sasa ni fungu la mchanga ambalo maji yakipwa linaonekana, yakijaa linafunikwa. Ni mahali pa hifadhi. Kasa bado wanapakumbuka, wanapanda kutaga. Kwa kuwa maji yangeyaharibu mayai, yanahamishiwa ufukwe wa Ushongo huku bara, na hapo huanguliwa baada ya miezi kama miwili. Haya yote mtoto wetu anapaswa kuyajua, na hakuna aliyewahi kumchorea.

Kazi ngumu ni kwamba herufi hazikubali kubadili foleni. Ukitaka kasa kwenye K, ujue K inakuja kabla ya M ya mchanga. Kasa atapanda wapi? Tulikaa na vikaratasi 24 juu ya mkeka, tunavipanga na kuvipangua kama wacheza karata, mpaka safari ikasimama hivi:

A ni Alfajiri. B ni Babu, amebeba kasia begani. CH ni Chapati, bibi amezifunga kwenye kitambaa. D ni Dau. E ni Embe, moja tu la kugawana watu watatu. F ni Foromali, Babu anaipandisha. G ni Gogo, linaelea mtoni kando ya mikoko. H ni Hatari! Gogo lina macho. I ni Iliki: mamba amepita, chai inamiminwa, harufu inatuliza roho. J ni Jua, limetoka lote. K ni Kisiwa, kwa mbali. L ni Leso, Dada anaipunga kuwaamkia walinzi wa hifadhi. M ni Mchanga. N ni Nanga, inatupwa. O ni Ona! Alama za kasa, kama trekta limepita usiku. P ni Polepole, walinzi wanayabeba mayai bila kuyatikisa na watoto wamekaa kando. R ni Rudi! Maji yanajaa. S ni Sindano, Babu ameitoa. Ya nini? T ni Tanga, limechanika. U ni Uzi. V ni Vidole, vya Dada, vinashona. W ni Wimbi, la mwisho na kubwa kuliko yote. Y ni Yule! Mama yupo ufukweni, ananyoosha mkono. Z tutaisema mwisho.

Watoto wa safari hatukuwapa majina. Tuliwaita Dada na Mdogo, ili kila anayesomewa aweke jina lake na la nduguye.

MAMBO YALIYOTUTOA JASHO

Ndugu wanachama, mnaona ni maneno 24 tu, lakini yalituchukua mwaka na miezi minne. Tutaje machache, huenda kikundi kingine kikataka kujaribu.

La kwanza ni Kiswahili chenyewe. Neno letu likiongezeka idadi linabadili kichwa. Mchoraji alipochora mawimbi matatu kwenye W, watoto wakasema "mawimbi" na wakatafuta M. Ikabidi afute yote achore wimbi moja kubwa. Embe likiwa mawili ni maembe. Kidole kikiwa kimoja ni K, kwa hiyo V ilitaka vidole vingi. Na tanga likizidi moja linakuwa matanga. Akina mama wakasema hapana, hatuweki neno la msiba kwenye kitabu cha mtoto. Tukabaki na kanuni: ukurasa mmoja, kitu kimoja, isipokuwa V.

La pili ni herufi O. Maneno ya O ni machache. Mzee mmoja nahodha, ambaye tulimwomba aangalie mambo ya chombo, akatupa neno zuri sana: omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Tukafurahi. Tukawaonyesha watoto picha ya omo ya dau. Wakapiga kelele wote kwa pamoja: "Sabuni!" Mzee alisikitika kweli. Alisema, bahari yetu inakufa maneno kabla ya samaki. Tukamwahidi kwamba omo itaandikwa kwa herufi ndogo kwenye picha ya dau, pamoja na tezi, usukani na mlingoti, ili asiyejua aulize. Ndiyo maana ukurasa wa D una maandishi mengi kuliko mwingine.

Mzee huyo huyo ndiye aliyetuokoa kwenye picha. Mchoraji alikuwa amechora ngalawa akaandika dau. Mzee akaigeuza karatasi huku na huku, akasema: "Hii ina mirengu pande mbili. Hii ni ngalawa. Mkimwambia mtoto ni dau mmemdanganya, na akifika pwani atachekwa." Ikachorwa upya. Halafu akatazama tena: upepo unapuliza huku, tanga limejaa kule. Ikachorwa mara ya tatu.

Mamba naye alitusumbua. Mara ya kwanza alichorwa na meno nje. Watoto walipofika G wakasema "Mamba!" na herufi ikapotea. Mara ya pili akachorwa anacheka, hakuna aliyeogopa. Mara ya tatu ndipo likawa gogo kweli, lina magamba kama maganda ya mti, na vinundu viwili vidogo juu ya maji. Mtoto anasema "gogo", anafungua ukurasa, kumbe! Siku tulipowajaribisha hiyo, wawili waliruka kutoka kwenye mkeka, kisha wakarudi wakaomba tuanze tena. Hapo tukajua kitabu kimepata halafu yake.

La tatu ni sauti. Mwalimu wetu mstaafu alitukumbusha kwamba tangu mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulipoanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, watoto wanafundishwa sauti ya herufi kwanza, si jina lake. Mtoto aseme "mmm", si "em". Sisi N tulikuwa tumeiweka Nyayo. Akatuuliza: hapa mtoto anasikia "n" au anasikia "ny"? Tukakosa jibu. Nyayo zikahamia kurasa za mwisho, pamoja na ng', sh, dh, gh na th, na N ikapewa Nanga.

C haisimami peke yake kwetu, ndiyo maana mmeiona imeshikana mkono na H, wanapanda chomboni pamoja. Na watoto wanaosoma shule za Kiingereza walituuliza, Q na X ziko wapi? Hatukutaka kuwanyamazisha. Tazameni ukurasa wa mwisho kabisa. Q na X wako ng'ambo ya Bweni na mabegi yao. Walichelewa pantoni.

La nne lilizua mabishano makali kuliko yote. Katika michoro ya mwanzo Babu na Mdogo walikuwa wanafanya kila kitu. Dada amekaa katikati, ameshika chapati. Mchoraji hakuwa na nia mbaya, alichora alivyozoea. Akina mama wakasema: huyu mtoto wa kike amekwenda Maziwe kushika chapati? Wengine wakasema, mambo ya chombo ni ya wanaume, tusilete vichekesho. Tukampelekea mzee nahodha shauri letu, na tulikwenda kwa wasiwasi. Tukamuuliza, tanga likichanika baharini, mtoto wa kike anaweza kulishona? Akafikiri, akasema: "Sindano na uzi wa tanga havikosekani chomboni. Na tanga likichanika halichagui wa kulishona." Ndipo tukapata S, T, U na V kwa mpigo. Kazi ambayo mikono yetu inaifanya kila siku, bila mtu kuiita kazi, ndiyo iliyowarudisha watu nyumbani.

HESABU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni kikundi cha fedha, hatuondoki bila kusoma hesabu.

Mchoraji alilipwa shilingi 400,000. Nakala za kujaribia zilitumia 60,000. Nauli za kwenda na kurudi Tanga mjini 90,000. Kuchapa nakala 300, kila moja shilingi 5,500, ni 1,650,000. Jumla 2,200,000. Kurasa ni 32, kwa sababu karatasi ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, hivyo idadi ya kurasa sharti igawanyike kwa nne. Hilo nalo hatukulijua, tulikuwa tumeandaa kurasa 30. Mbili zilizozidi ndizo zilizozaa habari ya Q na X, na ukurasa mtupu mtakaousikia.

Fedha zilitoka hivi: mfuko wa jamii 1,200,000, wafadhili wa hapa hapa 520,000, wanachama 28 kwa shilingi 10,000 kila mmoja 280,000, vitumbua na juisi siku za gulio 200,000.

Mchapo wa majaribio ulitushtua. Kiwandani, ambapo hatutapataja, CH ilikuwa imechapwa C, na chapati zikawa "capati". Bahati tulidai kuona nakala moja kabla ya zote. Tunawausia wenzetu: usilipe salio kabla ya kuisoma nakala ya kwanza neno kwa neno, na msomaji asiwe yule aliyeandika.

Kitabu kilitoka mwaka 2023. Nakala 28 walipewa wanachama, 60 zilikwenda kwenye madarasa ya awali na ya kwanza, 20 kwa wafadhili. Tuliuza 150 kwa shilingi 8,000, zikaleta 1,200,000, na zote zimerudi mfuko wa jamii kama kura ilivyosema. Waliopiga kura ya hapana walikuwa wa kwanza kwenda kuhakikisha benki, na tunawashukuru. Bila wao tungekuwa wazembe. Nakala 42 zimebaki, ziko kwenye meza ile.

YALIYOPATIKANA

Hatutadai makubwa. Hatukuondoa ujinga Pangani. Yapo yaliyotushinda: rangi ya bahari imetoka nyeusi mno, kurasa za katikati zinachomoka haraka, na wapo watoto wanaokijua kitabu chote kwa moyo bila kuijua herufi hata moja. Hao mwalimu anatuambia tusiwacheke, tuwaonyeshe kwa kidole wanaposema.

Lakini kati ya wale tisa waliokuwa wakiweka dole, sita sasa wanaandika majina yao. Hatukuwafungulia darasa tena. Walipewa kitabu wakamsomee mjukuu, basi. Usiku mtoto amelala mapajani, bibi yuko kwenye H ya Hatari, anaitazama herufi bila mtu kumtazama yeye. Mjukuu akitoka shule anamrekebisha, na bibi anajifanya alikuwa anampima.

Mwenzetu wa samaki ni mmoja wa hao sita. Mwishoni mwa mwaka 2023, siku ya mgao, tulimpa kalamu. Hakuandika. Akaliangalia daftari kwa muda mrefu, mpaka katibu akamuuliza kama kuna tatizo la fedha. Akasema fedha ni sawa. Akaweka kidole kwenye jina lake, jina ambalo mama yake alimpa, linaloanza na CH. Sisi kwa miaka tisa tulikuwa tumeliandika kwa SH.

"Hii ni ya shimo," akasema. "Mimi ni wa chapati."

Kikao kizima kilikaa kimya, halafu kikaangua kicheko, na yeye akiwemo. Lakini baadhi yetu tuliinama tukajifuta macho. Miaka tisa tumekaa naye mkeka mmoja, tumekula na kuzika pamoja, na hatukuwa tumemwandika. Jina limesahihishwa katika madaftari yote. Alilisahihisha mwenyewe, kwa mkono wake.

Z

Tulisema Z tutaiacha mwisho. Wengi walipendekeza Zawadi, ionekane watoto wamerudi na kitu. Lakini warudi na nini? Mayai hayaguswi, na mchanga wa Maziwe tunautaka ubaki Maziwe. Tukafikiri sana, kumbe neno tulikuwa nalo kila Jumamosi chini ya mwembe huu, tangu kabla ya hisa, enzi tukicheza upatu wa shilingi mia mbili mbili. Z ni Zamu.

Picha inaonyesha usiku wa Ushongo, Dada na Mdogo wamekaa na taa mbali kidogo na kiota, ni zamu yao kulinda. Ukurasa unaofuata ni mtupu. Chini yake pameandikwa: Sasa ni zamu yako. Mtoto anachora safari yake mwenyewe. Tumeona wamechora mabasi, ndege za angani, mmoja amechora daftari la kikundi.

Wazazi wengine wametulalamikia kwamba tumewauzia ukurasa usio na kitu. Tunawajibu kwa upole: kalamu ya risasi ni shilingi mia chache, mkabidhini mtoto. Na wewe mzazi ambaye bado unaweka dole, ukurasa huo una nafasi ya kutosha watu wawili.

Kwa hayo machache, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru mchoraji wetu aliyefuta bila kununa, mzee nahodha, mwalimu wetu, wafadhili wote, na watoto waliotuambia ukweli bila kutuonea haya. Aliye na nakala asiifungie kabatini, aiazime kwa jirani. Asiye nayo, meza iko pale.